Nilivyomgombanisha mama na shoga yake kwa mkasi: video ya wimbo wa Kikwajuni, miaka ya sabini

Wakuu, hodi humu ndani.

Kwa umri wangu wengi wenu ndio mngeanza kuniamkia, lakini leo nimekuja mwenyewe, tena mikono mitupu. Sina picha wala screenshot. Nina niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyafanya kwa mikono yangu, na hayo ya mikono yamenichukua zaidi ya miaka hamsini kuyasema mbele za watu. Sitatia chumvi, maana yenyewe yalivyo yananitosha.

Chanzo ni mjukuu wangu Nasra. Yuko chuo, kapewa assignment: achague video ya muziki, aeleze jinsi inavyoonyesha mambo ya jamii kwa mbinu za filamu.

Akaniletea simu, tukatazama kijana mmoja anaimba juu ya boneti ya gari. Nasra anaandika tu: close-up, rangi, slow motion.

Pakatokea mama mmoja kainamisha kichwa. Nikamuuliza, huyu anatazama nini? Akasema bibi, huyu ana huzuni, mwanawe kaondoka. Nikamuuliza kajuaje. Akasema kwa sababu shoti ya kabla yake kijana anaondoka.

Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Kisha nikamkumbuka Bi Kazija, shoga wa mama.

Nikamsimulia. Yeye ndiye aliyesema nije kuliweka huku, na yeye ndiye aliyenisaidia kuandika. Makosa ya herufi ni yake.

Haya, tukae vizuri.

Miaka ya mwanzo ya sabini nilikuwa binti wa miaka ishirini, nakaa Kikwajuni na mama yangu, Bi Riziki. Kazi yangu ilikuwa Mji Mkongwe, kwenye ofisi moja iliyokuwa ikitengeneza filamu fupi za kuelimisha watu. Jina la ofisi halina haja. Ilikuwa ghorofani, chumba kina dirisha moja na joto la kuokea mkate, nami kazi yangu ilikuwa kukata na kuunga filamu.

Msije mkadhani editing ya wakati ule ni hii ya kubonyeza. Filamu ni utepe. Unaukata kwa mkasi, unaukwangua ncha, unapaka gundi yake yenye harufu kali, unabana, unasubiri. Ukikosea unakata tena. Vipande vya ziada nilikuwa navitundika kwenye misumari ukutani, na chini yake kapu la kitambaa ili visichafuke.

Bosi wangu alikuwa Bwana Simoni, mpiga kamera. Wazee wake walitoka bara zamani, Mkristo, mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi siku zote. Alisomea kazi hiyo nje. Kila ninachokijua kuhusu picha, yeye ndiye aliyenifundisha, na hajawahi kuninyanyulia sauti hata siku moja. Mungu amrehemu popote alipo.

Basi tukaambiwa tutengeneze filamu ya wimbo. Wakati huo watu wazima walikuwa wanahimizwa kwenda darasani kujifunza kusoma, na mwimbaji wetu wa mtaani, Bi Subira, alikuwa na taarabu yake inayohusu jambo hilo.

Wimbo wenyewe una beti mbili za kukumbukwa. Ubeti wa kwanza unamsifu mwanamke aliyejua kusoma ukubwani. Ubeti wa pili ni wa lawama: mtu kapewa barua ya mwenzake amsomee, kisha siri akaisambaza. Ulikuwa unasema hivi:

Barua yangu ya siri, nimpe anisomee,
Na jua bado kuchwea, mtaa unizomee.

Mnaona mtego ulipo? Subirini.

Sasa tatizo. Kamera yetu haikuwa na sauti. Wimbo ulirekodiwa mbali kwenye mkanda, picha zikapigwa mbali. Bwana Simoni alitaka Bi Subira acheze midomo kufuata mkanda, kama wanavyofanya vijana leo.

Bi Subira akajaribu mara mbili, akashindwa. Mwimbaji wa taarabu haimbi ubeti sawasawa mara mbili. Akitunzwa pesa anaurudia, akimwona mtu kaguswa anauvuta, akiona baridi anaukata. Mkanda hauna habari na hayo. Mwisho akasema yeye hawezi kumfuata Subira mwingine aliyeko ndani ya sanduku.

Bwana Simoni akafikiri kidogo, akasema basi midomo tuiache. Tuwapige wanaosikiliza.

Hapo ndipo nilipomwona mtu ana akili. Tukaenda uani kwa Bi Subira alasiri, kukawa na taarabu ya kinamama ya kweli, na yeye akaishusha kamera mpaka kwenye usawa wa mkeka. Nikamuuliza kwa nini asisimame. Akasema akisimama atawatazama kama mkaguzi, akikaa atawatazama kama shoga yao.

Nasra, hiyo andika.

Akapiga mikono ikishika bahasha bila kuifungua. Akapiga macho. Aliyejua kusoma alimweka karibu na mlango penye mwanga, asiyejua akamweka nyuma kidogo kivulini, bila kumwambia mtu yeyote. Ukitazama unahisi kitu, hujui kimetoka wapi. Wimbo unakwambia nenda darasani, na picha nayo inakwambia hivyo hivyo kwa njia yake.

Mama alikuwepo uani, kakaa ubavuni mwa shoga yake, Bi Kazija.

Nieleze hawa wawili. Nyumba zetu zilitazamana, uchochoro mmoja katikati. Walikuwa mashoga wa chanda na pete tangu kabla sijazaliwa. Ile mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa ikienda na kurudi baina ya nyumba mbili mpaka hakuna aliyekumbuka ni ya nani.

Mama hakujua kusoma. Bi Kazija alijua, tena vizuri, na mtaa mzima ulimpelekea barua. Kaka yangu Suleiman alivuka kwenda Mombasa mwaka sitini na nne, akapata kazi bandarini, na barua zake zote zilisomwa na Bi Kazija, kwenye kibaraza chake cha mlangoni, kwa kahawa.

Nilipomaliza skuli nilimwambia mama, mimi nipo, nipe nikusomee. Akanipa moja. Nikaisoma mwanzo hadi mwisho. Akaikunja, akanishukuru, na iliyofuata akaipeleka kwa Bi Kazija kama kawaida. Niliumia kidogo.

Turudi uani. Wenyeji wa taarabu wanajua jambo hili, vijana wengine huenda hamlijui: kutunza si kutoa pesa tu. Unaangalia umeinuka kwenye ubeti gani. Ukiinuka kwenye ubeti wa sifa, umesifu. Ukiinuka kwenye ubeti wa lawama, unamwambia mtu, na kila aliyekaa pale anaanza kutafuta ni nani. Kuna watu wamekosana maisha kwa sababu ya kuinuka mahali pasipo pake.

Mama aliinuka kwenye ubeti wa kwanza, wa sifa. Nilimwona kwa macho yangu, nilikuwa nimesimama pembeni na daftari. Alikwenda kwa madaha, kanga begani, mkono juu. Bwana Simoni akampiga vizuri mno. Ile ndiyo shoti iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Nikaja nayo chumbani kwangu kwenye joto.

Ubeti wa kwanza ulikuwa umejaa picha nzuri. Ubeti wa pili ulikuwa mkavu, watu wamekaa tu. Nikaona, mbona hii ya mama ikihamia ubeti wa pili filamu itapata uhai? Nikaikata, nikaihamisha. Baada yake nikaweka uso wa Bi Kazija wa karibu kabisa, kainamisha macho. Ulikuwa uso mzuri, una mwanga wa pembeni. Uliunganika na shoti ya mama utadhani vilipigwa pamoja.

Nilijua sheria ya kutunza, wakuu. Nimezaliwa ndani yake. Lakini mle chumbani niliwaza uzuri tu. Nilidhani picha ni picha, ina mambo yake, na uani kuna mambo yake.

Bwana Simoni akaitazama akasema safi sana. Yeye alijua kamera, kutunza hakukujua.

Siku ya kuonyeshwa gari la sinema likaja kiwanjani kwetu Kikwajuni baada ya magharibi. Kitambaa cheupe kikatundikwa, mtaa wote ukatoka, wengine na vigoda vyao. Mama alivaa makubadhi yake mapya ya ngozi aliyoletewa na kaka kutoka Mombasa. Kakaa na Bi Kazija, mkono kwa mkono.

Ubeti wa kwanza watu wanacheka, wanaitana majina. Ukaja wa pili. "Barua yangu ya siri, nimpe anisomee." Mama akainuka kwenye kitambaa, mkono juu. Kisha uso wa Bi Kazija, mkubwa kama ukuta wa nyumba, macho chini.

Kiwanja kizima kikamgeukia Bi Kazija.

Mimi nilikuwa nyuma karibu na gari, na nilijua palepale nilichokifanya. Msomaji wa barua za mtaa, anaimbiwa ubeti wa mtu anayetoa siri za barua, shoga yake anainuka kuutunza, naye anainama kwa aibu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Bi Kazija akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mama. Akainuka, akaenda nyumbani kwake.

Mama alibaki ameshangaa. Akawa anawaambia waliomzunguka kwamba yeye hakuinuka pale. Wakamjibu kwa upole kama anavyojibiwa mgonjwa: Bi Riziki, tumekuona.

Asubuhi yake mbuzi ya kukunia nazi ililetwa mlangoni kwetu, imeoshwa. Pamoja nayo sinia, kawa mbili za kufunikia chakula na kibakuli cha udongo ambacho mimi sijawahi kukiona. Kila kitu kilichowahi kuvuka ule uchochoro kilirudi siku moja.

Mama akakaa chini mbele ya vile vyombo. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo yakinijia nanyanyuka kwenye kiti.

"Mwanangu, labda niliinuka kweli. Kamera haina sababu ya kunisingizia mimi."

Mama yangu alikuwa anaanza kutoyaamini macho yake mwenyewe kwa ajili ya mkasi wangu. Nikamwambia, mama, ni mimi. Nikamweleza. Hakunielewa vizuri, alidhani namtetea tu. Filamu kwake ilikuwa kitu kilichotokea, basi.

Wengine watasema ningekwenda moja kwa moja kwa Bi Kazija. Nilikwenda. Nilimkuta anachagua mchele. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, mikono haikusimama. Nikaeleza yote, nikaomba radhi mpaka machozi yakanitoka. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mimi sikuuliza kama mama yako aliinuka au hakuinuka. Kilichoniuma watu hawakushangaa."

Miaka yote anawasomea barua zao, na ilihitajika dakika moja tu waamini. Na wangeendelea kuamini, maana gari la sinema lilikuwa liende Chwaka wiki ile, kisha Fumba, kisha kisiwa kizima. Jina lake lingetangulia kila linapofika. Mimi kwenda nyumba kwa nyumba nikieleza habari za gundi na mkasi ningeonekana kichaa.

Palipoharibika ni kwenye kitambaa, na pa kutengenezea ni hapohapo.

Nikaenda kazini. Kuikata filamu iliyokwisha kupitishwa lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na sisi tulikuwa tunakula mshahara huo. Nikamwambia Bwana Simoni kila kitu, nikiwa nimesimama. Nilisubiri aniambie nichukue mkoba wangu.

Aliuliza maswali mawili matatu kuhusu kutunza. Ubeti gani maana yake nini, nani anaruhusiwa, wapi. Halafu akavua saa yake, akaiweka mezani, akakunja mikono ya shati.

"Mimi nilisomea kamera. Hili nilipaswa nikuulize wewe, na wewe ulipaswa uniambie. Tafuta vile vipande."

Tukaanza kutafuta kwenye misumari na ndani ya kapu, yeye upande wake mimi upande wangu, tukiinua vipande kwenye mwanga wa dirisha kimoja kimoja. Nilikuwa nautafuta mkia wa shoti ya Bi Kazija. Maana mimi niliukata uso peke yake, nikautupa uliobaki.

Niliupata chini kabisa ya kapu. Nikauinua dirishani.

Ile shoti Bwana Simoni aliianzia usoni kisha akashuka na kamera mpaka mapajani. Mimi nilichukua uso tu. Huko mapajani kulikuwa na makubadhi ya mama.

Nikakumbuka. Mama hakutaka kuyaacha mlangoni yasije yakabadilishwa, akaingia nayo mpaka kwenye mkeka. Alipoinuka kutunza akayatupia mapajani mwa shoga yake. Na kwenye kile kipande Bi Kazija ameinama, anayafuta vumbi kwa pindo la kanga yake mwenyewe, moja baada ya jingine, polepole, utadhani anamfuta mtoto uso.

Ndicho alichokuwa anakitazama.

Nililia, wakuu. Bwana Simoni akajifanya anatafuta gundi.

Tukairudisha shoti ya mama kwenye ubeti wa kwanza, mahali ilipotokea. Na baada yake tukaiweka ya Bi Kazija, nzima, uso mpaka makubadhi. Ubeti wa pili tukauachia mikono na bahasha. Ukawa mkavu kidogo, ndiyo, lakini ukawa wa kweli. Bwana Simoni akawaambia wakubwa mkanda wa sauti uliyumba siku ile, kwa hiyo tunarudia Kikwajuni kabla ya Chwaka. Alibeba uongo ule kwa ajili yangu na hakuutaja tena mpaka nilipoacha kazi.

Kumleta Bi Kazija kiwanjani ilikuwa shughuli. Nilikwenda kumwita, hakuahidi kuja. Filamu ilipoanza kiti chake kilikuwa kitupu na mama alikuwa amekishika kwa mkono asikalie mtu.

Nilimwona kaja wimbo ukiwa umeanza, kasimama ukutani, buibui mpaka machoni.

Mama akainuka kwenye kitambaa, ubeti wa sifa. Kisha Bi Kazija, uso, macho chini, kamera ikashuka, makubadhi. Na ule mkono unafuta vumbi.

Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema, lo, kumbe viatu. Kisha vigelegele vikaanza nyuma na kuja mbele. Mama akayatazama makubadhi miguuni mwake, akayavua, akakaa nayo mikononi.

Ukaja ubeti wa pili. Ule wa barua.

Bi Kazija akatoka ukutani. Akapita katikati ya watu wote, mbele ya mwanga, kivuli chake kikajaa kitambaa kizima. Akaenda mpaka alipokaa Bi Subira mwenyewe, akamtunza, mkono juu, taratibu, kila mtu amwone ameinuka kwenye ubeti gani. Kisha akaja kukaa kwenye kile kiti.

Aliyekuwa na la kusema akalimeza. Aliutunza ubeti ule yeye mwenyewe, hadharani, na mtoa siri hawezi kuinuka kwenye ubeti unaomlaumu. Mimi nimesoma vitabu vya filamu baadaye, sijakuta shoti inayofika pale.

Mbuzi ya nazi iliondoka kwetu kesho yake asubuhi.

Nilidhani kisa kimeishia hapo. Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike.

Haukupita muda ikaja barua ya kaka. Mama akaniambia nifuatane naye. Bi Kazija akavaa miwani, akaanza kusoma, nami nimekaa nyuma ya bega lake. Katikati akakohoa, akaendelea. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Alikuwa ameruka mistari mitatu. Kaka kaangukiwa na mzigo bandarini, kalazwa, mguu unauma lakini anapona.

Kumbe na yeye anakata!

Tulipovuka uchochoro nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mama, Bi Kazija hakusomei yote.

"Nnajua. Akikohoa, nshajua karuka. Jioni atakuja peke yake aniambie kwa taratibu, na kama jambo limekwisha kheri atanambia limekwisha."

Nikamuuliza, basi kwa nini hukunipa mimi nikusomee?

"Wewe wasoma yote," akasema. "Kama mnadi wa sokoni."

Na jioni Bi Kazija alikuja. Nilikuwa jikoni. Sikusikia alichosema, nilimsikia mama akivuta pumzi tu. Kahawa niliyowapelekea ilipoa.

Wote watatu wametangulia sasa. Mama, Bi Kazija, Bwana Simoni. Ile filamu sijui ilikokwenda, ofisi ilihama, vitu vikapotea. Sina kinyongo. Nilipewa mama ambaye hakunitupia lawama, jirani aliyenisamehe kwa kutembea hatua ishirini mbele ya mwanga, na bosi aliyevua saa yake akainama nami kwenye kapu. Mtu wa miaka ishirini hapati bahati hiyo mara nyingi, na kila nikisali nawataja kwa majina.

Nilichojifunza nimemwambia Nasra aandike kwenye assignment yake kama mwalimu atakubali. Ukiona mtu kainamisha kichwa kwenye video, usimalize kumhukumu kwa shoti iliyotangulia. Aliyeiweka pale alikuwa na mkasi. Jiulize chini ya kamera kulikuwa na nini. Na wewe unayekata, kwenye simu au kwenye maneno ya watu, fahamu kwamba mimi nilikata picha ipendeze, na Bi Kazija alikata ili mwenzake alale usingizi, kisha akarudi jioni na kile alichokikata. Kurudi huko mimi sikukujua mpaka nilipomwona yeye.

Nasra kapata alama nzuri, ila mwalimu kamwandikia pembeni: chanzo cha makubadhi kiko wapi?

Chanzo ndiye huyu hapa, keshaandika. Karibuni kwenye koment, hasa wenye mama zao waliokuwa wakisomewa barua. Nani alikuwa anawasomea, na alikuwa akifanya nini anaporuka?